Mlango Tusioupangia Foleni: Hotuba Kuhusu Mpiga Kura Aliyechoshwa

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanachama wa vyama mbalimbali, walimu wa uraia na vijana watakaopiga kura kwa mara ya kwanza. Naiweka nzima kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, na sidhani kama msomaji atapungukiwa na kitu.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vyama mliokubali kuketi safu ya mbele huku mkiijua mada ya leo, walimu wetu, wazee, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma: nawashukuru kwa kuja, na naomba mniruhusu nianze na habari ya kifaru.

Mwezi wa Oktoba 1959, wakazi wa jiji la São Paulo nchini Brazili walikwenda kuchagua madiwani wao. Wagombea walikuwa wengi, vyama vilikuwa vingi, na uvumilivu wa wananchi ulikuwa umekwisha. Wanafunzi wakachapisha karatasi za kura zenye jina la Cacareco, wakazisambaza mjini. Cacareco alikuwa kifaru jike aliyeazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Rio de Janeiro. Kura zilipohesabiwa, kifaru yule alikuwa amepata takriban 100,000, nyingi kuliko za mgombea yeyote mwenye miguu miwili. Zilifutwa, bila shaka, na hakuna kifaru aliyeapishwa. Lakini Wabrazili walibaki na msemo, na kura ya hasira wakaiita kura ya Cacareco.

Naona mnacheka. Nami nilicheka nilipoisoma habari hii mara ya kwanza. Lakini hebu jiulizeni: watu 100,000 walitoka majumbani mwao, wakasimama katika foleni, wakatumbukiza sandukuni karatasi yenye jina la mnyama. Je, huyo ni mtu asiyejali? Asiyejali hubaki kitandani. Huyu alijali kiasi cha kupanga foleni ili awaambie waliogombea kwamba hakumwona miongoni mwao hata mmoja wa kumpa dhamana.

Nimeanza na kifaru kwa sababu nimechoka kusikia mpiga kura aliyevunjika moyo akiitwa mvivu, au mjinga, au mtoto aliyedekezwa asiyejua thamani ya kile ambacho wazee wake walikipigania. Wanaosema hivyo mara nyingi ni wale wale ambao kura yake inawahusu. Kwa hiyo leo sitamhubiria mpiga kura. Nitajaribu kumwelewa, kisha niulize maswali mawili matatu kwa wanaoketi hapa mbele.

Afrika Kusini, mwaka 1994, dunia nzima iliona foleni za watu waliosubiri kwa saa nyingi juani ili kupiga kura ya kwanza ya maisha yao. Chama cha ANC kilipata zaidi ya asilimia 62. Mwaka 1999 waliojitokeza walikuwa asilimia 89 ya walioandikishwa. Mwaka 2024 walikuwa chini ya asilimia 59, na chama kile kile kikapata asilimia 40, kikalazimika kutafuta washirika ili kiunde serikali. Nchini Nigeria, mwaka 2023, daftari lilikuwa na wapiga kura wapatao milioni 93.4, lakini waliopiga kura hawakufika milioni 26. Rais aliyetangazwa mshindi alipata kura zipatazo milioni 8.8. Fanyeni hesabu wenyewe: katika kila watu kumi walioandikishwa, hakufika hata mmoja aliyemchagua aliyeshinda. Ni kweli kwamba wengine walizuiwa na vituo vilivyochelewa kufunguliwa na hofu ya vurugu, na si haki kuwahesabu wote kuwa wamesusa. Lakini mshindi anayetokana na hesabu ya namna hiyo anapaswa kulala akijua kwamba chama kikubwa kuliko vyote nchini mwake ni chama cha waliobaki nyumbani.

Je, watu hao wameikataa demokrasia? Hapa naomba tuende polepole, kwa maana ndipo wengi wanapokosea. Afrobarometer, mtandao wa utafiti unaokusanya maoni ya wananchi barani Afrika, ulitoa ripoti mwaka 2024 iliyohusu nchi 39. Asilimia 66 ya waliohojiwa walisema bado wanaipendelea demokrasia kuliko mfumo mwingine wowote. Walioridhika na jinsi inavyofanya kazi katika nchi zao walikuwa asilimia 37 tu. Pengo lililo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo jambo lililotukutanisha leo. Mtu anayependa chakula na kukirudisha kilichoungua hajakataa kula.

Sasa nani amekiunguza? Twende Ugiriki.

Chama cha PASOK kilizaliwa mwaka 1974, mara baada ya utawala wa kijeshi kuanguka, na kwa miongo mingi kilikuwa kimoja kati ya vyama viwili vilivyopokezana nchi. Oktoba 2009 kilishinda kwa karibu asilimia 44 ya kura. Kiongozi wake, George Papandreou, alikuwa amewaambia wananchi maneno mawili ambayo hawakuyasahau: pesa zipo. Hazikuwapo. Mei 2010 serikali yake ikakubali mkopo wa kimataifa ulioandamana na masharti ya kukata mishahara na pensheni, na chama kilichojenga jina lake kwa kuwasemea wafanyakazi ndicho kilichoshika kalamu. Januari 2015 PASOK ilipata asilimia 4.7. Kutoka 44 hadi chini ya 5! Wachambuzi wa siasa barani Ulaya wakalitumia jina la chama hicho kuunda neno la kuelezea kifo cha chama kikongwe, na sidhani kuna heshima ya namna hiyo ambayo chama chochote hapa ndani kingeitamani.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonisumbua zaidi. Wagiriki hawakuacha kupiga kura. Waliihamishia kura yao kwa chama kipya cha Syriza, kilichoahidi kuyakataa masharti yale. Tarehe 5 Julai 2015, Waziri Mkuu Alexis Tsipras akawaita wananchi kwenye kura ya maoni: mnayakubali masharti ya wakopeshaji, au mnayakataa? Benki zilikuwa zimefungwa, na mtu aliruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Katika hali hiyo, huku kila aliyekuwa na kipaza sauti akiwaonya kwamba watajuta, asilimia 61 walisema hapana. Tarehe 13 Julai, baada ya mazungumzo ya usiku kucha mjini Brussels, serikali ile ile iliyowaomba wakatae ikakubali.

Siku nane! Mpiga kura huyo alikuwa amefanya kila jambo ambalo vitabu vya uraia vinamfundisha. Alikitupa nje chama kilichomdanganya. Akakichagua kingine. Akaulizwa swali moja kwa moja, akalijibu kwa sauti isiyo na kigugumizi. Kisha akaamka asubuhi akakuta kwamba jibu lake lilikuwa maoni tu. Septemba ya mwaka huo huo uliitishwa uchaguzi mwingine. Syriza ikashinda tena, ila waliojitokeza walishuka kutoka takriban asilimia 64 za Januari hadi chini ya 57. Utamwambia nini huyo aliyebaki nyumbani? Utamwambia kura yake ni sauti yake?

Niwe mwadilifu: wakopeshaji nao walikuwa na wapiga kura wao, katika nchi nyingine kumi na kadhaa, ambao hawakutaka fedha zao zitumike bila masharti, na kura ya taifa moja haiwezi kufuta kura za mataifa mengine. Hilo ni kweli. Ila ni kweli ambayo ilipaswa kusemwa majukwaani kabla ya kura. Mwanasiasa anayeahidi jambo lisilo mikononi mwake anakopa kwenye akiba ya imani ambayo si yake peke yake. Akishindwa kulipa, wanaodaiwa ni wanasiasa wote watakaokuja baada yake, hata waaminifu. Wafaransa nao walikataa katiba ya Ulaya kwa karibu asilimia 55 mwaka 2005, na mkataba uliobeba sehemu kubwa ya maudhui hayo ukaidhinishwa na bunge lao mwaka 2008 bila wao kuulizwa tena. Siwezi kudai kwamba jambo moja ndilo lililozaa jingine, lakini katika uchaguzi wa rais wa 2022 vyama viwili vilivyokuwa vimepokezana uongozi wa Ufaransa kwa miongo mingi vilipata, kwa pamoja, chini ya asilimia 7.

Ndugu zangu, sasa naja kwenye mlango niliouweka katika kichwa cha hotuba hii.

Sote tunaujua mlango wa kituo cha kupigia kura. Tunaupangia foleni, tunapakwa wino, tunapiga picha tukiwa tumenyoosha kidole. Lakini kabla ya mlango huo upo mwingine, ambako huamuliwa ni majina gani yatachapishwa kwenye karatasi tutakayopewa. Wengine huuita mchujo, wengine huuita kura za maoni ndani ya chama, na wengine hawana hata jina la kuuita kwa sababu hawajawahi kuuona. Tukifika kituoni, kazi iliyobaki ni kuchagua kati ya waliokwisha kuchaguliwa. Nani anaupangia foleni mlango ule?

Tazameni Uingereza, nchi ambayo wengi hupenda kuitaja kama mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama cha Conservative kilikuwa na wanachama wapatao milioni 2.8, na kile cha Labour kilikuwa na wanachama binafsi wapatao milioni moja. Katika uchaguzi wa 1951 vyama hivyo viwili vilipata kwa pamoja karibu asilimia 97 ya kura zote. Chama wakati huo kilikuwa jirani: kilikuwa na ukumbi, kilikuwa na ngoma ya Jumamosi, kilikuwa na mtu uliyemjua kwa jina ambaye ungeweza kumlalamikia. Ruka hadi mwaka 2022. Waziri Mkuu amejiuzulu, na uamuzi wa mwisho kuhusu mrithi wake uko mikononi mwa wanachama wa Conservative peke yao, ambao sasa hawafiki 200,000. Liz Truss akapata kura 81,326, na kwa kura hizo akawa Waziri Mkuu wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Akakaa madarakani siku 49. Alipoondoka, aliyemfuata hakupigiwa kura hata na wanachama hao.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo la kutafakari. Chama kimepungua hadi kuwa kijito, lakini nchi nzima bado inalazimika kuchota maji hapo hapo. Na mwaka 2024 upande mwingine ukashinda viti 411 kati ya 650 kwa chini ya asilimia 34 ya kura, huku asilimia 40 ya wapiga kura wakiwa hawakujitokeza. Watu wakaita ushindi wa kishindo. Kishindo cha nani?

Mnisamehe nikitoa kisa changu mwenyewe, ambacho ni kidogo mbele ya hivi vikubwa. Niliwahi kuwa na kadi ya chama ambacho sitakitaja. Kwa miaka saba niliitwa mara nne, na mara zote nne ilikuwa kujaza ukumbi. Mara ya mwisho nilimwuliza mwenyekiti wa tawi letu orodha ya wagombea imetoka wapi, kwa kuwa hakuna mkutano nilioujua uliowahi kuijadili. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jua hulala wapi, akanijibu: imeshuka. Hakusema imetoka kwa nani. Imeshuka tu, kama mvua. Sikuirudisha kadi, niliiacha ikaisha muda wake, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza nilikwenda wapi. Nadhani wapo humu ndani wenye kadi kama yangu.

Chama kinapopata ruzuku kutoka hazina ya serikali, matangazo kutoka kwa wafadhili na umati kutoka kwa magari ya kukodi, kinahitaji mwanachama kwa ajili ya nini? Nauliza kwa dhati. Zamani ada ya mwanachama, hata ikiwa ndogo kiasi gani, ilimlazimisha katibu kubisha hodi mlangoni kwake, na akibisha hodi husikiliza maneno. Siku hizi hodi hiyo haina haja. Chama kimehamia upande wa pili wa mto, upande wa serikali, na kikituhitaji hutupungia mkono kutoka ng'ambo kila baada ya miaka mitano.

Kuna wanaosema: basi na vife. Vyama vyote vife, tubaki na wananchi. Hapa nitatofautiana na baadhi ya vijana wangu kule nyuma, na najua baadhi yenu hamtanipigia makofi.

Tarehe 17 Februari 1992, mjini Milano nchini Italia, alikamatwa meneja mmoja wa taasisi ya umma akipokea rushwa. Uzi ulipovutwa, fulana nzima ikafumuka: uchunguzi ukawafikia mawaziri, wabunge na wafanyabiashara, na chama cha Kikristo cha kidemokrasia, kilichokuwa mhimili wa kila serikali tangu baada ya Vita Vikuu vya Pili, kikavunjwa mwanzoni mwa 1994. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Miezi michache baadaye, Machi 1994, aliyeshinda uchaguzi alikuwa Silvio Berlusconi, mmiliki wa vituo vya televisheni, akiwa na chama alichokizindua mwaka huo huo. Nyumba mbovu ilibomolewa, na aliyewahi kuingia kiwanjani ni yule aliyekuwa tayari na matofali yake.

Nchini Mali, mwaka 2020, maelfu waliandamana dhidi ya rais aliyechaguliwa, na dhidi ya bunge ambalo matokeo ya uchaguzi wake yalikuwa yamechezewa machoni pa wengi. Agosti wanajeshi wakachukua nchi, na umati ukawashangilia barabarani. Msiwacheke walioshangilia, ripoti ile ile niliyoitaja inasema zaidi ya nusu ya Waafrika waliohojiwa wangekubali jeshi liingilie kati endapo viongozi waliochaguliwa watatumia vibaya madaraka. Uchaguzi uliahidiwa Februari 2022, ukasogezwa hadi Februari 2024, kisha ukaahirishwa bila tarehe. Mei 2025 vyama vyote vya siasa vikavunjwa, na Julai mkuu wa utawala akapewa miaka mitano inayoweza kuongezwa, bila kura hata moja ya mwananchi. Wale waliochoshwa na vyama walipewa nchi isiyo na vyama. Je, ndicho walichokuwa wamekiomba?

Na msidhani kwamba tatizo ni watu wabaya peke yao. Chile, Oktoba 2019, nauli ya treni za chini ya ardhi jijini Santiago ilipanda kwa peso 30, nchi ikawaka, na waandamanaji wakasema si peso 30, ni miaka 30. Mwaka 2020 asilimia 78 wakataka katiba mpya. Wakachagua baraza la watu 155 lililojaa wagombea wasio na vyama, hasa kwa kuwa hawakutaka tena kuona sura za wanasiasa. Baraza likaandika rasimu. Septemba 2022 asilimia 62 wakaikataa. Likachaguliwa baraza jingine lenye mwelekeo tofauti kabisa; Desemba 2023 rasimu yake nayo ikakataliwa. Watu wema, wenye uchungu na nchi, lakini hawakuwa na chombo cha kupunguza madai yao, kuyapima, na kurudi kwa waliowatuma kuwaambia: hili tumelipata, hili tumelikosa, na sababu ni hizi. Kazi hiyo chafu, ya kuchosha, isiyo na makofi, ndiyo kazi ya chama. Hakuna mwingine anayeifanya.

Kwa hiyo tatizo letu ni gumu: vyama tulivyo navyo havitufai, na bila vyama hatufiki. Natamani ningekuwa na jibu fupi. Nina mfano mmoja tu, wenye nyuso mbili, na nyuso zote mbili ni za nchi moja.

Ayalandi, kati ya 2016 na 2017, raia 99 walioteuliwa kwa bahati nasibu, wakiongozwa na jaji, walikutana mwishoni mwa wiki, mara kadhaa, wakisikiliza wataalamu na mashahidi wa pande zote kuhusu sheria ya utoaji mimba, suala ambalo vyama vikubwa vilikuwa vimelikwepa kwa miongo kadhaa vikiogopa kupoteza kura. Haijalishi wewe una msimamo gani juu ya jambo lenyewe; mimi naangalia utaratibu. Pendekezo lao likapelekwa bungeni, kisha kwa wananchi, na Mei 2018 asilimia 66 wakalikubali, bila nchi kupasuka kama ilivyohofiwa. Miaka michache baadaye raia wengine walioteuliwa vivyo hivyo walipendekeza mabadiliko ya katiba kuhusu familia na malezi. Safari hii serikali ikachukua maneno yao, ikayaandika upya kwa namna iliyoonekana salama kwa serikali. Machi 2024 kipengele cha malezi kikakataliwa kwa karibu asilimia 74, ingawa vyama vyote vikubwa vilikiunga mkono.

Wananchi walewale, karatasi zilezile. Mara ya kwanza walikuta kazi ya wenzao mezani. Mara ya pili walikuta imeshuka.

Waheshimiwa wa safu ya mbele, nimebakiza maswali niliyoyaahidi, na sitaki mnijibu mimi. Uchaguzi ujao, majina ya wagombea wenu yataandikwa na nani, katika chumba gani, na mwanachama wa kawaida atajuaje kilichosemwa humo? Ahadi zipi katika ilani yenu ziko nje ya uwezo wa ofisi mnayoiomba, na je, mko tayari kuziwekea alama kabla ya kampeni kuanza? Na mwanachama aliyeacha kuhudhuria mwaka jana, kuna aliyebisha hodi kwake?

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Kuna binti kule nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Ugiriki, na hajaushusha.